Safari ya Peke Yako Shinyalu: Pesa Ikae Wapi?

Wageni wengi wa Kakamega huishia mjini: stendi, soko, chakula cha haraka, halafu matatu ya kurudi. Upande wa Shinyalu ni hadithi nyingine. Unashuka Khayega kwenye barabara ya Kisumu, unachukua boda kuelekea mashariki, na kelele zinaendelea kupungua hadi ufike Isecheno, ukingoni mwa Msitu wa Kakamega. Msitu huu ulitengwa rasmi mwaka 1933, na una zaidi ya aina 300 za ndege. Kuna mbega juu ya miti, na kuna Kilima cha Lirhanda, ambapo watu hupanda alfajiri kuona jua likichomoza juu ya msitu. Kwa mtu anayetaka siku moja ya kutulia peke yake, ni vigumu kupata pazuri zaidi.

Sasa tuzungumze pesa. Ukisafiri na marafiki, simu ikizima unamwambia mwenzako, "Nilipie, nitakutumia jioni." Ukiwa peke yako, simu ikizima na pochi imezima. Tena M-PESA haihitaji bando, lakini inahitaji mtandao, hata ukitumia *334#. Ndani ya msitu mtandao unaweza kupotea, na mwongozaji wako ameshamaliza kazi yake na anangoja haki yake.

Kwa hiyo toa keshi kabla hujaondoka mjini au Khayega, na uitoe mara moja. Hapa ndipo watu wengi hupoteza hela bila kujua. Kwa viwango vya sasa, kutoa chochote kati ya KSh 101 na KSh 2,500 kwa wakala ni KSh 29. Ukitoa 500 mara tano umelipa 145. Ukitoa 2,500 kwa mkupuo mmoja umelipa 29 tu. Lakini ukiongeza hata mia moja, ukatoa 2,600, ada inaruka hadi 52. Tofauti hiyo inatosha chai na mandazi pale sokoni. Beba kitambulisho, wakala atakiuliza, na omba noti ndogo ndogo. Mwenye boda kijijini kukosa chenji ya elfu moja si ujanja, ni hali ya biashara.

Si lazima kila kitu kiwe keshi. Dukani penye nambari ya Till, lipa kwa Till, kwani mteja hatozwi ada. Kumtumia mtu hadi KSh 100 pia ni bure; kuanzia 101 hadi 500 ni KSh 7. Patana na boda kabla ya kupanda, kisha ukimlipa kwa simu soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Mwulize, "Wewe ni nani kwa M-PESA?" Hakuna atakayekasirika. Ukikosea nambari licha ya hayo, tuma ujumbe wote wa muamala kwa 456 mara moja, kabla aliyepokea hajazitumia.

Ada za msituni ulizia ofisini, usilipe kwa nambari ya mtu uliyekutana naye njiani. Malipo ya serikali ya eCitizen hupitia Paybill 222222. Na mwongozaji mchukue, hata kama umekuja kutafuta upweke. Njia za msituni zinafanana, na mwenyeji anajua pale ndege wanapotua. Mkubaliane bei mapema, na pia kama atalipwa kwa keshi au kwa simu mkirudi penye mtandao.

Kitu kimoja ambacho sioni kikisemwa vya kutosha: usiweke simu na kitambulisho mfuko mmoja. Anayeviiba vyote viwili ana laini yako na ana jina lako, na wewe uko mbali na nyumbani bila hata nauli. Weka PIN ya laini, mbali na ile ya M-PESA. Andika kwenye karatasi nambari mbili za watu wa kwenu, kwa sababu siku hizi hakuna anayekumbuka nambari kichwani. Simu ikipotea, omba simu ya mtu yeyote mwenye laini ya Safaricom upige 100 wafunge laini yako. Tahadhari hiyo iongeze maradufu ikiwa siku yako imeangukia vita vya mafahali. Umati ule ukianza kukimbia, hakuna anayekumbuka mfuko wake.

Halafu kuna wale wa "nimekutumia kimakosa, nirudishie tafadhali." Wakikupata umechoka na uko kwenye mvua, ni rahisi kutuma bila kufikiri. Angalia salio kwanza. Hata kama pesa kweli imeingia, mwambie atume kwa 456 mwenyewe. Anayedai kupiga kutoka Safaricom kwa nambari isiyo 0722 000 000 mkatie simu, kisha ripoti nambari hiyo kwa 333.

Na mvua ya Kakamega hupenda kuja alasiri, kwa hiyo beba kitu kisichopitisha maji cha kufungia simu. Nauli ya kurudi, boda pamoja na matatu, iweke kando kwa noti tangu asubuhi, ndani ya soksi ikibidi, na usiihesabu kwenye matumizi ya siku.