Mti Ukianza Kulia, Uwe Umeshajua pa Kukimbilia

Katika mashamba ya misindano ya Mufindi, wakata miti wengi hulipwa kwa kadiri ya kazi waliyomaliza. Ukilipwa hivyo unakimbizana na jua, na unachokiacha kwanza ni zile dakika chache za kujiandaa. Ndizo zinazookoa watu.

Kabla ya kuwasha chenso, uzunguke mti huku ukitazama juu. Umeelemea upande gani? Kuna tawi kavu linaloning'inia? Upepo unavuma? Ukiwa mkali, kazi isimame, hata msimamizi akinung'unika. Kisha shika panga ufyeke njia ya kukimbilia. Isiende moja kwa moja nyuma ya shina, kwa sababu shina linaweza kuruka kinyumenyume likakufuata. Iende mshazari, kama nyuzi 45 kutoka upande wa nyuma. Wenzako wakae mbali angalau mara 2 ya urefu wa mti: mti wa mita 25, watu mita 50. Kwenye mteremko, asiwepo mtu chini.

Mdomo, yaani mkato wa kwanza wenye umbo la kabari, ukatwe upande wa kuangukia, kina chake kama robo ya kipenyo. Mkato wa nyuma uwe juu kidogo ya usawa wa mdomo, na usikate mpaka mwisho. Acha mbao isiyokatwa, karibu sehemu 1 ya 10 ya kipenyo; kwa mti wa sentimita 40, acha sentimita 4. Sehemu hiyo hufanya kazi ya bawaba ya mlango: ndiyo inayoushika mti uanguke ulikopanga. Ukiimaliza, mti unakwenda unakotaka wenyewe. Ukiusikia unalia, chomoa chenso, ondoka, na usigeuke kuushangaa.

Kuna jambo moja ningelipigia kelele kuliko yote: mti ulioangukia mwingine ukakwama. Hapo ndipo hata mzoefu hupoteza subira. Wapo wanaopita chini yake, wanaopanda juu yake kuutikisa, na wanaokata ule ulioubeba, jambo ambalo ni kujitafutia mauti, maana yote miwili itakuja na hujui upi mbele. Wengine huangusha mti wa tatu juu yake. Yote hayo acha. Weka alama, zuia watu, uvute kutoka mbali kwa kamba ndefu na trekta, au uugeuze kwa nyenzo ukiwa pembeni. Kama huna kifaa, uache na ukatoe taarifa. Hata malipo ya siku yakipungua, uache.

Chenso yenyewe hudhuru zaidi miguu. Suruali maalumu ina nyuzi ndani zinazoukwamisha mnyororo ukasimama. Ya jinzi haina. Usikate kwa sehemu ya juu ya ncha, maana ikigusa kitu msumeno hurushwa kuelekea usoni. Jaribu breki ya mnyororo kila asubuhi, na usiinue msumeno kupita mabega. Shikilia kwa mikono miwili, kidole gumba kikizunguka mpini.

Mtu asikate peke yake. Kabla ya kazi, ijulikane gari liko wapi na simu inashika mtandao wapi. Mwenzako akikatwa, gandamiza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, usiachie kuchungulia, safari ya hospitali ianze mara moja.

Mwisho, hesabu za fidia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, huchangiwa na mwajiri peke yake. Asikukate hata shilingi. Ukiumia, mjulishe siku hiyo hiyo, naye anatakiwa kuripoti kwa Mfuko. Basi kabla hujashika chenso ya mkandarasi yeyote, muulize mbele ya mashahidi: amejisajili, na jina lako limo kwenye orodha ya wafanyakazi wake? Akibabaika, tafuta mkandarasi mwingine.