Msumari Ukikuchoma Mguu

Fundi akikanyaga ubao wenye msumari, mara nyingi huuchomoa, akaukung'uta mguu na kurudi kazini. Damu imetoka matone mawili tu na tundu limeshajifunga. Anayekimbizwa zahanati ni mwenzake aliyekatwa na bati, kwa sababu anachuruzika damu na kila mtu anaiona. Lakini kwa upande wa pepopunda, wa kuhofiwa zaidi ni yule wa tundu dogo.

Bakteria wa pepopunda hukaa kwenye udongo, vumbi na mavi ya wanyama, wakiwa wamejifunika ganda gumu linalowawezesha kuishi miaka mingi. Hawapendi hewa. Jeraha lililo wazi huoshwa kwa damu yake na kupigwa na hewa. Tundu la msumari huwapeleka chini kabisa, kisha ngozi ikaziba juu yao. Humo ndani huzaana na kutoa sumu inayopita kwenye mishipa ya fahamu na kuikaza misuli. Kutu yenyewe haina kosa. Msumari mpya unaong'aa, ukiwa umeanguka zizini, unaweza kukuambukiza sawasawa na ule mkuukuu. Mwiba na kisiki cha muhindi shambani vivyo hivyo.

Kwa hiyo, ukichomwa, acha kazi. Nawa mikono, kisha osha jeraha kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, kwa dakika kadhaa, mpaka uchafu wote unaoonekana utoke. Damu kidogo ikitoka, iache itoke. Kipande kikiwa kimekatikia ndani, usikichokonoe kwa sindano wala wembe. Kitolewe na mhudumu wa afya. Halafu funika kwa kitambaa safi kisichobana. Usimwagie mafuta ya taa, usipake grisi, majivu, tumbaku wala dawa ya meno, na samadi ndiyo kabisa, maana huko ndiko bakteria wenyewe waliko. Wala usizibe tundu kwa gundi. Ukiziba, unawafungia ndani pasipo hewa, nao ndivyo wanavyotaka.

Kuosha peke yake hakutoshi, hata ukiosha vizuri namna gani. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaulizie sindano ya tetenasi, yaani chanjo ya pepopunda. Utaulizwa umewahi kuchanjwa mara ngapi na lini mara ya mwisho, kwa hiyo kadi ya chanjo, kama ipo, ibebe. Kwa kawaida, aliyekwisha kupata dozi tatu au zaidi huongezewa moja ikiwa jeraha ni chafu au la kuchomwa na imepita miaka 5 tangu dozi ya mwisho; kwa jeraha dogo na safi, ni miaka 10. Ambaye hajakamilisha dozi tatu, au hakumbuki kabisa, huanzishiwa chanjo, na kwa jeraha la namna hii anahitaji pia sindano ya kingamwili zilizo tayari, kwa kuwa chanjo huchukua muda kuujengea mwili kinga. Ulizia zote mbili. Dozi ya pili hufuata baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6 au zaidi. Wengi hupotelea hapo kwa sababu mguu umeshapona. Vidonge vya antibiotiki vya duka la dawa havichukui nafasi ya chanjo. Na kama siku mbili tatu zimepita, nenda tu, usijiambie umechelewa.

Wanaume hasa ndio ninaowasihi. Mtoto wa Kenya au Tanzania huchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini kinga hiyo hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Mwanamke huongezewa anapohudhuria kliniki ya wajawazito. Mwanaume hana kliniki kama hiyo, ilhali ndiye mara nyingi yuko kwenye saiti, gereji na machimbo. Kampeni za tohara mashariki na kusini mwa Afrika ziliufichua upungufu huu: baadhi ya wanaume walipata pepopunda baada ya kutahiriwa, na Shirika la Afya Duniani likahimiza chanjo iende pamoja na huduma hiyo. Msimamizi wa ujenzi anayewajali vijana wake awapeleke wachanjwe kabla kazi haijaanza, na awakataze ndala kwenye saiti.

Dalili kwa kawaida huja kati ya siku 3 na 21, mara nyingi tundu likiwa limeshasahaulika. Taya hukaza, kumeza kunakuwa kugumu, shingo na tumbo hukakamaa, kisha mwili hushtuka na kupinda kwa kelele au mguso mdogo tu. Hapo usimlazimishe mgonjwa kunywa kitu, na usisubiri kupambazuke. Apelekwe hospitali yenye uwezo wa kumsaidia kupumua. Kumuuguza hakuna hatari, kwani ugonjwa huu hauambukizwi kutoka mtu kwa mtu. Akipona, naye lazima achanjwe: kuugua pepopunda hakumwachii mtu kinga.