Nani Avamiwe Kwanza Katika Twilight Imperium?

Swali: Kwenye mchezo wa Twilight Imperium nina majirani wawili. Mmoja ni dhaifu, mwingine anaongoza kwa pointi. Nimshambulie yupi?

Jibu: Mchezo huu wa mezani wa Christian T. Petersen, uliotoka mwaka 1997, haumpi ushindi anayeteketeza meli nyingi. Katika toleo la nne la mwaka 2017, kwa kawaida mshindi ni anayetangulia kufikisha pointi 10. Kwa hiyo mchezaji makini hutazama kwanza nani amekaribia kumaliza.

Huyo apigwe nyumbani kwake. Kwa mujibu wa kanuni, asiyemiliki sayari zote za mfumo wake wa nyumbani hawezi kupata pointi za malengo ya wazi. Kuteka sayari moja tu hapo humkwamisha kiongozi kuliko mapigano makubwa ya mpakani.

Jirani dhaifu je? Kumvamia kunalipa pale sayari zake zinapotimiza lengo lililo mezani. Vinginevyo meli huangamia bure, huku mchezaji wa tatu akijijenga kwa utulivu.

Kabla ya kuondoka bandarini, mvamizi akague pia kadi alizopewa na wenzake. Support for the Throne humwongezea pointi 1, lakini akiuamsha mfumo wenye vikosi vya aliyempa kadi hiyo, anaipoteza. Shambulio la namna hiyo linafaa tu iwapo litamletea zaidi ya pointi aliyoiachia, au litamzuia mpinzani kufikisha 10 katika raundi hiyohiyo.