Mchezo Kabla ya Kipimo: Kujenga Imani ya Mtoto Kijijini

Katika vijiji vinavyotegemea kliniki tembezi, watoto wengi humjua mhudumu wa afya kama mgeni mwenye sindano. Mara nyingi hofu hiyo hupandwa nyumbani: “Ukiendelea kulia, nitamwita daktari akuchome!” Siku mtoto anapougua kweli, hulia hata kabla hajaguswa.

Kilio hicho huharibu kipimo. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto mwenye kikohozi huhesabiwa pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi asiyetimiza miaka 5, ni dalili ya nimonia. Mtoto anayelia hupumua kwa kasi hata kama mapafu yake ni mazima. Hivyo anaweza kupewa dawa asiyoihitaji. Mhudumu anayekata tamaa ya kuhesabu naye anaweza kuiacha nimonia ipite.

Kwa sababu hiyo, mchezo ni sehemu ya huduma. Mhudumu amsalimu mzazi kwanza, kisha aketi chini, mtoto akibaki mapajani mwa mzazi. Mzazi afunue kifua cha mtoto, na pumzi zihesabiwe kwa macho kabla ya kumgusa. Baadaye stetoskopu iwekwe kwa mwanasesere wa matambara, kisha kwa mzazi, ndipo kwa mtoto. Aliye mkubwa kidogo apewe nafasi ya kuusikiliza moyo wa mama yake. Masikio na koo vichunguzwe mwisho.

Mchezo usiwe hila. Ikiwa sindano itauma, mtoto aambiwe kwamba itauma kidogo na kwisha upesi. Aliyedanganywa leo hatatulia kliniki itakaporudi.

Aidha, mchezo una mipaka. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege au aliyelegea au kupoteza fahamu ahudumiwe na kupewa rufaa bila kuchelewa.

Nanyi wazazi, acheni kuifanya sindano kuwa adhabu. Mwacheni mtoto acheze “daktari na mgonjwa” nyumbani, ili siku ya kuugua amkute mhudumu aliyekwisha kumzoea mchezoni.