Mahame Yenye Mizimu: Uliza Kwanza Hadithi Inalinda Nini

Wengi wanaotafuta mahali penye mizimu huenda na swali moja: je, kuna kitu kweli? Ninashauri swali hilo liwekwe kando. Ziara ya saa mbili haiwezi kulijibu, na anayelishikilia hurudi nyumbani ama amejitisha bure ama amenuna kwa kutotishwa. Lenye faida ni jingine: hadithi hii inalinda nini, na kwa manufaa ya nani? Mimi huipokea hadithi ya mzimu kama ushahidi unaotolewa na walio hai, wale wanaolima, wanaochunga na kuzikana karibu na mahali hapo. Ushahidi hupimwa: nani anausimulia, anamsimulia nani, na nani atapata hasara ukisahaulika. Pwani ya Kenya inafaa sana kwa safari ya namna hii, kwa kuwa mahame ya Gede na misitu ya kaya za Wamijikenda yana hadithi, yana alama zinazoonekana kwa macho, na yana wenyewe.

Anza na Gede. Matatu za barabara ya Mombasa na Malindi hushusha abiria penye njia panda ya Watamu, na magofu hayako mbali kutoka hapo. Nenda asubuhi, chukua mwongozaji wa mahali hapo, na mwombe akusimulie kabla hujasoma kibao chochote. Utaambiwa kwamba roho za wazee wa kale zinaulinda mji, na anayeuharibu hupatwa na laana. Huenda ukaambiwa pia kuhusu James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kufukua hapo mwaka 1948, ambaye mwenyewe aliandika kwamba mwanzoni alihisi kuna anayemtazama kutoka nyuma ya kuta, asiye adui wala rafiki. Wageni wengi hutosheka na hilo, wakapiga picha na kuondoka, na hapo ndipo wanapoikosa Gede. Kirkman huyohuyo aliacha kazi ya miaka ya kuchambua vifusi. Kuna kaburi lililochorwa tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Kuna nyumba zilizopewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: mkasi, bakuli la kauri, kisanduku cha pembe za ndovu. Ingia katika nyumba mojawapo na utazame vyumba vilivyo virefu lakini vyembamba. Wembamba huo una sababu: dari ilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti. Ukishalielewa hilo, kuta zile hazikuonyeshi tena kiwiliwili cheupe kinachopita, zinakuonyesha fundi aliyepima mti kabla ya kupanga jiwe.

Sasa rudi kwenye hadithi. Wareno walikuwa na makao Malindi, kilomita chache tu kutoka hapo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 16, lakini katika maandishi yao mji huu hautajwi kwa jina la Gede. Ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Ndani ya ukuta wa nje kuna ukuta mwingine uliozunguka eneo dogo zaidi, ishara kwamba mji ulipungua kabla ya kuachwa. Wataalamu wametaja maji ya visima kushuka, wametaja mashambulizi ya Wazimba waliopita pwani hii mwaka 1589, wametaja kusogea kwa Waoromo kutoka kaskazini, na hawajakubaliana. Hadithi ya mizimu imekaa palepale maandishi yalipokatikia. Inabeba jambo ambalo majirani walilijua bila karatasi, kwamba hapa waliishi watu wenye heshima, wakaondoka katika taabu, na mahali pao hapachezewi. Gede ilitangazwa kuwa mnara wa kihistoria unaolindwa mwaka 1929, ikaingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Kabla ya tarehe ya kwanza kati ya hizo ilipita miaka karibu 300 bila mlinzi wa serikali, na msitu ukasimama juu ya magofu.

Atasema mtu kwamba huo msitu ulisimama kwa sababu ya upweke, si kwa sababu ya hofu. Kwa Gede peke yake siwezi kumkatalia kabisa, ndiyo maana nashauri msafiri aende pia kwenye kaya. Kaya zilikuwa vijiji vyenye boma ndani ya msitu. Watu walipohamia nje, misitu ikabaki makao ya koma, yaani roho za wahenga, chini ya usimamizi wa wazee. Mashamba yamefika hadi ukingoni mwake na kusimama. Misitu hiyo imetawanyika katika pwani ya kilomita 200 hivi, na mwaka 2008 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia ikitaja wazi mila zinazoihifadhi. Kaya Kinondo, karibu na Diani, hupokea wageni. Utafungwa kaniki kiunoni, utakatazwa kubusiana, na hutatoka na chochote, hata jani lililokwisha kuanguka. Tazama mwiko huo wa jani kwa makini. Anayekatazwa jani hawezi kukata gogo, na mwiko unaomhusu kila mtu, hata mgeni mwenye pesa, ni mgumu kuuchezea kuliko kibali kinachopatikana ofisini.

Pingamizi zito ni la imani. Mwislamu au Mkristo atauliza kama kuvaa kaniki na kunyamaza chini ya miti si kuabudu mizimu. Naona kuna mpaka ulio wazi kati ya adabu na ibada. Anayevua viatu mlangoni pa watu haabudu nyumba yao. Ukiombwa kutoa sadaka au kuomba dua usiyoiamini, kataa kwa upole. Mwenyeji mwema hatakulazimisha. Tena kumbuka kwamba katika majengo makubwa kabisa ya Gede umo msikiti wa Ijumaa, wenye kibla chake na kisima chake cha kutawadha. Anayeikimbia Gede kwa kuogopa ushirikina anawakimbia waumini waliosali pale karne nyingi kabla yake.

Pingamizi jingine linanigusa zaidi, na halijibiki kwa wepesi. Kilifi, kaunti ilimo Gede, ndiko pia wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna ugomvi wa shamba la urithi. Je, kuzitukuza hadithi za mizimu si kuchochea moto huo? Ndiyo, ikiwa msafiri hazitofautishi. Hadithi ya kaya inamzuia msikilizaji mkono wake mwenyewe: usikate, usiokote, usipige kelele. Hadithi inayomwua mzee inanyoosha kidole kwa mtu mwingine na kumwachia msimulizi shamba. Swali lilelile, kwa manufaa ya nani, ndilo linalozitenga. Mwongozaji akianza kukutajia jirani fulani kuwa mchawi, usicheke wala usiandike. Mwambie hukuja kusikia hayo.

Wala hofu ya mizimu haitoshi peke yake kulinda. Wagiriama husimamisha vigango, nguzo za mbao zilizochongwa, kwa ajili ya wazee wa chama cha Gohu waliofariki, na inaaminika kwamba anayeking'oa kigango huiletea jamaa ukame na maradhi. Hata hivyo vimeibwa kwa wingi, kwa sababu mnunuzi alikuwa ng'ambo, mbali na laana na mbali na aibu. Vingine viliishia katika makumbusho ya Marekani, na viwili vilirudishwa Kenya mwaka 2007 kwa familia iliyovipoteza zaidi ya miaka 20 kabla yake. Kwa hiyo ukioneshwa nguzo kuukuu dukani, imepauka na kuliwa na mchwa miguuni, na muuzaji akakunong'oneza kwamba ina mzimu, usiulize bei. Uliza ilisimama kwa nani, kisha upeleke habari katika ofisi ya makumbusho iliyo karibu kabla haijapakiwa.