Mbwa Wangu Wanakula Nyama Mbichi, Mapupu Nayachemsha

Wanaoniuliza habari za kulisha mbwa nyama mbichi huanza na bei, wakaja kwenye kiasi, halafu wakauliza kama mbwa atakuwa mkali. La ukali nilimalize hapahapa. Nyama mbichi haimfanyi mbwa ang'ate watu. Mbwa hung'ata kwa sababu amefungiwa bandani mchana kutwa, anapigwa, au ana kichaa cha mbwa, na kichaa kina chanjo. Swali ninalotamani kuulizwa kwanza ni jingine: hiyo nyama ni kiungo gani cha mnyama, na imekaguliwa na nani?

Hapa Pasua, mjini Moshi, mbwa wengi wanakula ugali wa dona na dagaa, na siku ya bahati vichwa vya kuku. Si chakula kibaya. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba mbwa wa nyumbani ana nakala nyingi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu wa Ulaya. Kwa hiyo anayekwambia ugali ni sumu kwa mbwa, usimsikilize. Mimi niliwahamisha mbwa wangu, Simba na Popi, kwenda nyama mbichi kwa sababu Popi alishaanza kubagua, anachambua dagaa na kuuacha ugali uchachie kwenye bakuli, na kwa sababu bucha ni hatua chache kutoka kwangu.

Wazo lenyewe lilivuma kutoka Australia, ambako daktari wa mifugo Ian Billinghurst alitoa kitabu chake mwaka 1993 akihimiza mifupa mibichi na nyama mbichi. Wanaomfuata huko ughaibuni wengi wananunua nyama iliyosagwa, kugandishwa na kubandikwa lebo. Sisi tuna bucha, na bucha zetu zina kitu kinachoitwa nyama ya mbwa: mabaki ya kuchambua, bandama, na zaidi ya yote mapupu, kwa sababu binadamu wengi hawayataki na bei yake ni ndogo. Hapo ndipo penye hatari, na hapo ndipo nitakapokaa kidogo.

Kuna mnyoo tegu mdogo sana, milimita chache tu, anayeishi kwenye utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakaingia kwenye majani, ng'ombe, mbuzi au kondoo akayala. Ndani ya mnyama huyo yai hujenga kifuko cha maji, mara nyingi kwenye ini na mapafu. Mbwa akila hayo mapafu mabichi, mzunguko umetimia. Mtu akimeza mayai kwa mkono usiooshwa baada ya kumshika mbwa, au kwa mboga ya bustani aliyojisaidia mbwa, kifuko kinaota kwake. Kinakua polepole kwa miaka bila dalili, na mara nyingi kikishakuwa kikubwa dawa yake ni upasuaji.

Turkana ya Kenya iliteseka sana na ugonjwa huu hadi shirika la AMREF likaanzisha mpango wa kuudhibiti mwaka 1983. Na usidhani ni mambo ya mbali. Kumbukumbu za machinjio ya Arusha za 2005 hadi 2007 zilionyesha vifuko hivyo kwa takriban ng'ombe 4 katika kila 100, na mbuzi na kondoo 6 katika kila 100. Mifugo mingi inayochinjwa upande huu wa Mlima Kilimanjaro inatoka tambarare zilezile za Umasaini.

Mwenye bucha wangu alinionyesha siku moja. "Dada, njoo uone hili," akaligeuza pupu mezani. Juu yake palikuwa na uvimbe mweupe wa ukubwa wa yai la kwale, ngozi ngumu, unabonyea. Alipoutoboa kwa ncha ya kisu, yaliruka maji meupe kabisa kama ya kunywa, na ndani ukabaki utando laini unaochomoka mzima. Ukiona kitu kama hicho, usikichukue hata kwa bure. Lakini kifuko kidogo kilichojificha ndani hutakiona, ndiyo maana sheria ya nyumbani kwangu haina majadiliano: mapupu, ini, moyo na figo vinachemka nusu saa nzima kuanzia maji yanapotokota. Kugandisha kunasaidia ukiwa na friza ya baridi kali inayokaa siku kadhaa bila kukatika umeme. Mwenye friza ya namna hiyo Pasua anajijua.

Kwa hiyo kinacholiwa kibichi kwangu ni nyama ya misuli yenye mhuri wa mkaguzi, pamoja na miguu, shingo na vichwa vya kuku wa kisasa. Nyama ya kibudu, yaani mnyama aliyejifia, haiingii getini hata mchungaji aape. Kimeta si kigeni kwenye mikoa hii ya kaskazini, na anayepasua mzoga ndiye wa kwanza kukipata, kabla ya mbwa. Kitimoto nacho nakipika.

Sasa namna ya kuwahamisha. Nilianza na mguu mmoja wa kuku asubuhi, mbwa akiwa na njaa, jioni ugali wake kama kawaida. Kinyesi kikibaki kigumu, unaongeza shingo, unapunguza ugali, na katika wiki mbili hivi umefika. Anza na kuku peke yake, ili tumbo likivurugika ujue mchawi ni nani. Mafuta mengi na ini jingi huleta kuhara. Mifupa mingi huleta kinyesi cheupe kinachovunjika kama chaki, na mbwa anajikamua kwa shida. Hapo unarudisha minofu. Mimi huangalia kinyesi kila asubuhi kabla sijafagia, na ndicho kinachoniambia nipunguze nini.

Kiasi: mbwa mzima anahitaji gramu 20 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo mbwa wa kilo 20 atakula gramu 400 hadi 600. Ini lisizidi sehemu moja katika 20 ya chakula, maana vitamini A ikizidi inamdhuru. Jambo linalosahaulika zaidi ni chokaa ya mifupa. Nyama tupu ina fosforasi mara kama 20 ya kalisi, na mbwa anayekula minofu peke yake anaifyonza kalisi ya mifupa yake mwenyewe. Miguu na shingo za kuku zinaziba pengo hilo. Siku zikikosekana, dagaa waliooshwa mchanga vizuri wanasaidia, wakiliwa wazima na mifupa yao. Ugali kidogo bado nawapa, na sioni sababu ya kuuacha.

Mfupa mbichi wa kuku unasagika. Mfupa uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha na unaweza kutoboa utumbo. Waambie na watoto, na wageni zaidi. Desemba ndugu wanapopanda kutoka Dar es Salaam na kila boma lina mbuzi, mabaki ya supu na mtori hutupwa uani bila kufikiri. Mimi naweka ndoo ya mifupa yenye mfuniko kabla sufuria haijaepuliwa. Mfupa mzito wa paja la ng'ombe pia siupendi, hata mbichi, kwa sababu unavunja meno.

Usafi ni nusu ya kazi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipima sampuli 196 za chakula kibichi cha mbwa na paka kati ya 2010 na 2012: 15 zilikutwa na salmonela na 32 zilikutwa na listeria, na hivyo vilikuwa vyakula vya kiwandani. Joto letu la huku chini halifanani na la Marangu, nyama ya mchana imeshatembelewa na nzi. Nenda bucha asubuhi na ndoo yako yenye mfuniko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, damu ikivuja inavujia kikapu chenye mchicha. Kisu na ubao wa mbwa vikae peke yao. Bakuli linaondoka chini baada ya robo saa, limeliwa au halijaliwa, linaoshwa kwa sabuni kisha jiki. Na majirani zangu wengi ni Waislamu, kwao mate ya mbwa ni najisi, kwa hiyo Simba na Popi wanakulia ndani ya uzio wangu na hakuna mfupa unaovuka kwenda barazani kwa mtu.

Dawa ya minyoo ndiyo gharama usiyoikwepa. Unayoitaka ni prazikuanteli, kwa kawaida miligramu 5 kwa kila kilo ya mbwa. Dawa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya minyoo ya mviringo hazimgusi tegu huyu, kwa hiyo soma lebo au muulize daktari wa mifugo, usikubali tu kuambiwa "hii inaua yote". Nawapa kila wiki sita, kwa sababu tegu anahitaji karibu muda huo kukomaa na kuanza kutaga. Kinyesi cha siku chache baada ya dawa nakifukia kwenye shimo refu.

Nyumba yenye mtoto mchanga, mjamzito, mzee dhaifu au mtu ambaye kinga yake imeshuka, isianze kabisa. Pikeni hiyohiyo nyama bila mifupa, changanyeni na dona na dagaa, mbwa atanenepa vilevile. Na mtoto wa mbwa asiguswe na mpango huu mpaka akomae: mahitaji yake ya kalisi hayakadiriwi kwa macho, na miguu ikishapinda haitanyooshwa na shingo za kuku.