Kufunga Runinga Bila Kufunga Mlango

Leo somo lina ufundi kidogo, kwa hiyo mwenye bisibisi aiweke karibu.

Likizo iliyopita nilipofika nyumbani, hata begi sijalitua vizuri, nilionyeshwa boksi sebuleni: runinga ya inchi 32, mpya kabisa. Kaka yangu anayefanya kazi Songea alimnunulia Bibi. Mama akaniambia, "Frateri, wewe ndiye msomi wetu, tufungie hiyo TV." Jamani, shahada yangu ni ya falsafa! Hakuna mwaka hata mmoja niliofundishwa kugeuza dishi. Lakini nyumbani ukishaitwa msomi huna pa kukimbilia.

Kwetu ni wilaya ya Mbinga, milimani. Bibi amepita miaka 80, na nyonga yake haimruhusu tena kushuka bonde na kupanda hadi kigangoni. Kaka aliwaza vizuri: kama Bibi hawezi kwenda kwenye Misa, basi aione Misa nyumbani. Nitawaeleza tulivyoifunga hatua kwa hatua, halafu nitawaeleza kosa nililofanya. Nawaambia mapema, kosa lenyewe halikuwa la waya.

Hatua ya 1: Mahali pa kuiweka

Watu wengi wanaanza na soketi iko wapi. Anza na macho. Ukikaa kwenye kiti, katikati ya kioo pawe karibu usawa wa macho yako. Ukiitundika juu karibu na dari, shingo italipa. Runinga ya inchi 32 inatosha kutazamwa ukiwa umbali wa kama mita 1 na nusu hadi 2. Isitazamane na dirisha, maana mchana utakuwa unajiona mwenyewe kwenye kioo. Nyuma yake iachie nafasi ipate hewa, na kama inakaa mezani, meza iwe imara. TV za siku hizi ni nyembamba na nyepesi, mtoto akiivuta inamwangukia.

Sasa tafakari kidogo. Ingia sebule yoyote, angalia viti vinatazama wapi. Kama vyote vinatazama TV, wenye nyumba wameshapanga nani atatazamwa jioni, hata kabla hawajaiwasha. Sisemi ni dhambi. Nasema ni uamuzi, na mara nyingi tunaufanya bila kujua kwamba tumeufanya.

Mimi niliamua haraka: TV ikae chumbani kwa Bibi, mbele ya kitanda. Palikuwa na kiti cha mgeni pale, nikakitoa nje ili meza ya TV ipate nafasi. Kishike kichwani hicho kiti, tutakirudia.

Hatua ya 2: Dishi, waya na king'amuzi

Mnakumbuka Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam. Tangu hapo TV za zamani zinahitaji king'amuzi. TV nyingi mpya zina king'amuzi cha antena ndani yake, lakini lazima mawimbi ya mnara yakufikie. Sisi huku milima imetukinga, kwa hiyo tulitumia dishi.

Hapa nimejifunza mambo matatu. La kwanza, zima king'amuzi kabla ya kuunganisha au kuchomoa waya wa dishi. La pili, kwenye skrini utaona mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Usidanganywe na nguvu. Inaweza kuwa juu na picha hakuna. Anayeleta picha ni ubora. La tatu, geuza dishi taratibu sana, halafu subiri sekunde kadhaa, maana king'amuzi kinachelewa kukamata.

Binamu yangu alikuwa nje anageuza, mimi ndani napiga kelele: "Bado! Kidogo! Umepitiliza! Rudi! Hapo hapo, usiguse!" Karibu saa nzima. Kumbe kila nikisema "bado" alikuwa anageuza tena bila kusubiri. Mwishowe nikamwambia, kila ukigusa hesabu hadi kumi kwanza. Picha ikapatikana ndani ya dakika tano. Wale mnaolalamika kwamba mmesali siku mbili na Mungu hajajibu, mmesikia?

Kutoka kwenye king'amuzi kwenda kwenye TV tumia waya wa HDMI kama upo, picha ni safi kuliko zile pini tatu za njano, nyeupe na nyekundu. Ukiona maandishi kwamba hakuna mawimbi, usikimbilie kumwita fundi. Chukua rimoti ya TV, bonyeza kitufe cha kuchagua chanzo, weka HDMI uliyochomeka. Na kumbuka, chaneli zinatafutwa kwa rimoti ya king'amuzi. Wengi wanahangaika na rimoti ya TV mpaka usiku.

Mvua ya radi ikikaribia, chomoa umeme na waya wa dishi kabla haijaanza. Umeme ukikatika, chomoa pia. Mara nyingi madhara huja pale unaporudi kwa kishindo.

Hatua ya 3: Toa hali ya duka

Hili wengi hawalijui. TV ikiwashwa mara ya kwanza, kwa kawaida inauliza: itatumika dukani au nyumbani? Ukichagua duka, mwanga na rangi vinapanda juu kabisa, ili mteja akipita avutiwe. Ukiifikisha nyumbani ikiwa hivyo, macho yanachoka na umeme unaliwa zaidi. Ingia kwenye mipangilio uiweke hali ya nyumbani, kisha punguza mwanga kidogo usiku.

Na hesabu ya LUKU ni rahisi: soma kibandiko nyuma ya TV. Kama imeandikwa wati 50 na mnaiwasha saa 4 kwa siku, hiyo ni uniti 0.2 kwa siku, kama uniti 6 kwa mwezi. Si nyingi. Gharama kubwa ya TV kwa kawaida ni muda. Saa 4 kwa siku ni saa 120 kwa mwezi, yaani siku 5 kamili, usiku na mchana.

Tena vijana, na sisi wenyewe tuna hali ya duka. Mitandaoni tunang'aa kwa mwanga wa juu kabisa, nyumbani mama hapati hata salamu. Tujirudishe hali ya nyumbani.

Hatua ya 4: Namba ya siri na saa ya kuzima

King'amuzi kina namba ya siri ya kufungia vipindi visivyofaa watoto. Mara nyingi kinatoka dukani na 0000 au 1234, na watoto wanaijua kabla yako. Ibadilishe siku hiyo hiyo. TV pia ina kipima muda cha kujizima. Kiweke kabla hujaanza kutazama.

Kwa nini kabla? Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha sita cha Maungamo, anasimulia habari za rafiki yake Alypius. Kijana huyu alikuwa Roma akisoma sheria, na aliyachukia maonyesho ya watu kuuana uwanjani. Siku moja marafiki wakamvuta kwa nguvu. Akawaambia kwamba mwili wake wataupeleka, lakini macho yake hayatatazama. Kweli akafumba macho. Tatizo hakuziba masikio. Umati ulipopiga kelele, akafumbua macho aone kuna nini, na tangu pale akanaswa. Baadaye akawa yeye ndiye anayewavuta wenzake.

Alypius alikuwa mtu wa maadili mema, na kilichomwangusha ni kuamini kwamba ataamua akishafika ndani. Mtu anayesema "nitazima nikiona mambo mabaya" ameshakaa kwenye kiti cha Alypius. Yesu alilinganisha jicho na taa ya mwili (Mt 6:22-23). Mwenye taa huamua mapema ataiweka wapi. Mungu ni mwema lakini: Alypius aliongoka, akabatizwa pamoja na Augustino, akawa askofu. Kwa hiyo aliyenaswa asikate tamaa, kitubio kipo.

Hatua ya 5: Kosa langu

Sasa turudi kwenye kile kiti.

Dominika ya kwanza Bibi alifuata Misa kwenye TV, amejifunga kanga yake ya WAWATA, ameshika rozari. Mimi nikaona nimefanya utume mkubwa. Baada ya Misa kigangoni Paroko aliniuliza, "Bibi hajambo? Tumpelekee Komunyo wiki hii?" Nikajibu, "Hajambo Baba, siku hizi anafuata Misa kwenye TV." Padre ana vigango vingi na barabara mnazijua. Akashukuru Mungu, akaendelea na safari.

Zikapita Dominika tatu. Siku moja jioni nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, maana kiti hakikuwepo, nikamuuliza Bibi anaionaje TV yake. Akafikiri kidogo.

"Mjukuu wangu, yule padre wa humo anahubiri vizuri sana. Ila nikiitikia hanisikii." Akanyamaza, halafu akasema, "Na Yesu hajaniletea."

Nikamuuliza akina mama wa jumuiya mbona siwaoni. Zamani walikuwa wakitoka ibadani wanapita, mmoja anakaa kwenye kile kiti anamsimulia mahubiri, wanaimba wimbo mmoja, wanaondoka. Bibi akasema walipita dirishani wakasikia Misa, wakasema tusimsumbue. Siku zilizofuata hawakupita tena. Nani aende kumsimulia mahubiri mtu aliyehubiriwa na askofu kwenye kioo?

Wapendwa, nililala vibaya usiku ule. Mimi ndiye ninayejiandaa kuwapelekea watu Ekaristi, na kwa sentensi moja nilimzuia Bibi yangu asiipokee. Nilifunga TV, nikafunga na mlango.

Kanisa linasemaje?

Msinielewe vibaya, Kanisa halina ugomvi na runinga. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati nzima juu ya vyombo vya mawasiliano, Inter Mirifica, mwaka 1963, na ukasema kwamba vikitumiwa vema vinamsaidia mwanadamu. Hata msimamizi tunaye: Mtakatifu Klara wa Asizi, aliyetangazwa na Papa Pio XII kuwa msimamizi wa televisheni. Inasimuliwa kwamba usiku wa Noeli alikuwa mgonjwa kitandani, hakuweza kwenda na masista wenzake, na Mungu akamjalia kufuata akiwa pale pale ibada iliyokuwa ikifanyika kanisani kwa Mtakatifu Fransisko. Sikukuu yake ni tarehe 11 Agosti.

Naye Papa Yohane Paulo II, katika ujumbe wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani mwaka 1994, aliongelea televisheni na familia. Aliwaonya wazazi wasiifanye TV kuwa yaya wa watoto. Sisi tuliifanya yaya wa Bibi.

Shikeni haya mawili. Mgonjwa asiyeweza kwenda kanisani hana kosa kukosa Misa ya Dominika, na Misa ya TV inamsaidia sana kusali na kusikiliza Neno. Lakini haichukui nafasi ya Komunyo, wala ya mtu wa kumshika mkono. Na wewe mwenye miguu mizima unayetazama Misa ukiwa kwenye kochi na chai mkononi, ya Bibi hayakuhusu. Inuka.

Tulifanya nini? TV ikahamia sebuleni. Bibi anasaidiwa kutembea hadi pale, na hata nyonga inashukuru. Kiti kimerudi chumbani. Nilimfuata Paroko nikakiri uzembe wangu, na sasa Bibi analetewa Komunyo kila Ijumaa ya kwanza. Kwa akina mama wa jumuiya nilienda nyumba kwa nyumba kuwaomba wapite tena. Wamerudi, na mgeni akiingia, TV inazimwa. Isipokuwa saa ya tamthilia ya Kituruki. Hapo Bibi anamwambia mgeni, "Kaa kwanza, huyu kaka anakaribia kugundua," na wote wanatazama. Angalau wanatazama pamoja.

Maswali ya kutafakari

1. Nyumbani kwenu viti vinatazama wapi?
2. Kabla ya kuwasha TV au simu, huwa umeshaamua utazima saa ngapi?
3. Kuna mgonjwa au mzee ambaye umemwachia TV imwangalie badala yako?

Zoezi la wiki: mtembelee mzee mmoja wa jumuiya yako. Ukiwa fundi, mrekebishie na chaneli zake. Kisha zimeni, mkae, msikilize. Kabla ya kuondoka muulize kama anapata Komunyo, na jibu lake lifikishe kwa Paroko siku hiyo hiyo.

Tusali: Bwana Yesu, uliyewaendea wagonjwa nyumbani mwao, utufundishe kutumia vyema macho yetu, saa zetu na vyombo vyetu. Utusamehe pale tulipowaacha wenzetu peke yao mbele ya kioo. Mtakatifu Klara, utuombee. Amina.